Mtani na Kamera Isiyovuta

Itetemia nzima, mtaa wetu hapa Tabora, kuna mtu mmoja tu aliyeweza kusimama mbele ya jeneza la baba yangu, akasema tumemweka mlinzi wa benki mlangoni, na marehemu mwenyewe yuko wapi. Mtu huyo ni Mtani. Ana jina lake, na la ukoo pia analo, lakini mtaani kwetu hayatumiki na sitaanza mimi kuyatumia. Yeye ni Mgogo, sisi ni Wanyamwezi, na utani wetu ni wa tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakipita Ugogo na mizigo kichwani kwenda pwani, wakifika kwao na kiu. Wenyeji waliwapa maji na kuwatoza ushuru wa kupita. Mtani hudai ushuru ule haujalipwa wote mpaka leo. Mama yangu humjibu kwamba na maji yenyewe yalikuwa ya chumvi.

Maneno yale ya msibani yalikuwa kweli tupu, ndiyo maana yaliniuma. Baba alikuwa mtu wa kucheka mpaka anashika ukuta, lakini picha pekee tuliyoipata ni ile ya kitambulisho, tukaikuza ili tuiweke mlangoni pa msiba, mpaka uso ukawa na madoadoa. Shingo imenyooka, macho yametoka, midomo imebanwa. Watu waliangua kicheko kwa maneno ya Mtani, na mtani akisema msibani hakuna wa kumkasirikia. Lakini jioni ile mtoto wa dada yangu, aliyekuja kutoka Mwanza, aliniuliza, "Mama mdogo, babu alikuwa mkali?" Sikuwa na picha nyingine ya kumwonyesha.

Hofu yangu ikahamia kwa Mama. Mama naye, anayesikika akicheka hadi nyumba ya tatu, ukimwelekezea kamera huganda. Alijifunza kupigwa picha zamani, studio, enzi za kuambiwa usipumue. Ukutani kwetu kuna picha zake za miaka tofauti na zote ni za mtu anayesubiri hukumu. Mimi nina duka la dawa mjini, lakini kupiga picha ndiyo raha yangu tangu nilipoanza kushika fedha zangu mwenyewe, na kwa ujuzi wangu wote sikuwahi kumpata Mama. Siku ya kuanua matanga nilimwendea Mtani, ambaye naye ni mpiga picha, nikamwambia sitaki kesho na keshokutwa wajukuu waniulize swali lile kuhusu Mama.

"Nitampata," akasema. Akaongeza kwamba Mnyamwezi huchekeshwa kama punda apandishwavyo mlima, kwa subira na bakora kidogo.

Alikuwa gadi wa treni katika reli ya kati kabla ya kustaafu. Treni yake ilichelewa miaka yote ya kazi, na nadhani ndiyo sababu yeye huwahi mno. Ukimwalika saa nne, saa tatu yuko kwenye kiti chako, viatu vinang'aa, anakuuliza kama umeamka salama au bado unaamka. Nikimwamkia, "Shikamoo, Mtani," hujibu, "Marahaba, mpagazi mdogo. Mzigo umeutua wapi leo?" Mama, kwake, ni mpagazi mkubwa.

Ni Mgogo asiyekula mlenda, mboga kuu ya kwao. Hilo Mama huwaambia wageni kabla hawajakaribishwa maji, na Mtani hulichukia sana, kwa sababu mtu anayeutania ulimwengu mzima hapendi kuguswa penye kidonda. Chakula chake ni michembe yetu, vile viazi vitamu vikavu, iliyochemshwa kwa karanga, ambayo husema haina ladha, kisha huomba aongezewe. Kusifu hajui. Nimewahi kumwonyesha picha niliyoihangaikia wiki nzima, vumbi la ng'ombe wakiingia Itetemia jua likiwa nyuma yao, akaitazama sana, akanirudishia na kusema, "Si mbaya." Mwalimu wa fizikia, mwenzetu katika kikundi chetu cha wapenda picha, aliniambia niiweke kwenye fremu, kwa sababu yeye hajawahi kupata hata hiyo si mbaya.

Na jambo moja zaidi. Mtani ameupiga picha mtaa mzima, lakini yeye mwenyewe hana picha. Breki za treni zilimrusha siku moja akaacha jino la mbele kwenye chuma cha dirisha, na tangu hapo akicheka huziba mdomo kwa kiganja. Ukimwinulia kamera, kiganja kipo. Kinyozi hajinyoi, husema, na mazungumzo yanahamia kwingine.

Aliponiahidi vile alikuwa bado na kamera kubwa na mkoba wa lenzi uliomvuta bega mpaka koti lake likakaa upande. Lenzi aliyoipenda kupita zote ilikuwa ya kuvuta, ndefu kama chupa ya chai. Alisimama upande huu wa uwanja akavuta kope za mtu aliye upande ule. Kwa lenzi hiyo alimwinda Mama miaka: kutoka nyuma ya mihogo, kutoka dirishani kwangu, kutoka ng'ambo ya barabara Mama akitoka kanisani. Mama alikuwa na kipaji cha ajabu cha kujua. Kabla Mtani hajabonyeza, shingo ilinyooka. Mwisho akawa anamsalimia akiwa amesimama wima vilevile, "Mgogo, nimekuona, toka kwenye mihogo yangu."

Kilichoiondoa kamera ile mikononi mwake si bega, ingawa daktari alikwisha kumwonya. Ni harusi ya binti wa jirani yetu. Bwana harusi alitoka Ziba, na wazee wake walikuja kwa basi, wafugaji, wakakaa safu ya mbele na fimbo zao. Baba mkubwa wa bwana harusi alikuwa amenuna kwa uchovu wa safari. Mtani alikuwa mbali, karibu na ua, jicho kwenye lenzi. Akapaza sauti, kama anavyofanya kila siku, "Mzee, cheka basi. Hata ng'ombe mliowaleta, kwa kukonda kule, hawakununa hivyo."

Mzee alitazama huku na huku. Hakuona mtu. Aliona bomba jeusi limemwelekea, na ndani ya bomba hilo sauti inayowatukana ng'ombe wa mahari mbele ya wakwe. Akasimama. Wenzake wakasimama. Muziki ukazimwa, na bibi harusi akashusha shela mwenyewe bila kuambiwa.

Mtani alikuja mbio, kofia mkononi, akieleza kwamba yeye ni Mgogo, ni mtani wao, ni maneno ya utani. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole, jambo lililokuwa baya zaidi kuliko angefoka, "Mimi nimetaniwa na Wagogo tangu nikiwa mchungaji mdogo. Mgogo ana uso. Kilichonitukana mimi ni chuma."

Mtani akaomba radhi. Sijui kama msomaji anaelewa uzito wa jambo hilo. Mtani haombi radhi. Akiomba, basi utani wenyewe umekufa hapo, na wote tuliokuwapo tuliona ukifa. Harusi iliendelea, pilau ikaliwa, lakini yeye alikwenda zake kabla ya keki. Wiki kadhaa hakuonekana. Mama alinituma na michembe, nimwambie mtaa umekuwa kama chumba cha mtihani. Alipokea bakuli bila kusema haina ladha, nikarudi nyumbani na wasiwasi.

Jumamosi moja akatokea kwenye mgahawa wa karibu na stesheni, tunapokutana sisi wapenda picha, akatangaza kwamba anauza kila kitu: kamera, lenzi zote, mkoba. Anatafuta kamera moja, ndogo, yenye lenzi moja isiyotoka wala kuvuta, na ndiyo atakayozikwa akiwa ameishika. Tulicheka. Shida ya kuwa mtani ni hiyo: siku unaposema kweli watu wanakuagizia soda kwa uchekeshaji wako. Tuliamini tulipoona mkoba umekwenda na mnunuzi kutoka Nzega.

Nikaipa kazi simu yangu. Kamera za namna hiyo zipo, na si za mchezo: umbo dogo, lakini ndani sensa, kile kibamba kinachonasa mwanga, ni kubwa kama ya kamera za wenye majigambo, na lenzi moja iliyofungwa humo kiwandani na kutengenezwa kwa ajili ya sensa hiyo tu. Tulibaki na tatu za kuchagua. Ya kwanza ilikuwa na lenzi ya milimita thelathini na tano, tundu la kuchungulia kwa jicho, na mwili usiopitisha vumbi wala mvua. Ya pili ilikuwa ya arobaini, inayoukaribia uso wa mtu bila kumsogelea sana. Ya tatu ilikuwa ya ishirini na nane, inayoona mapana lakini inaenea mfuko wa shati, haina tundu la kuchungulia, haijazibwa vumbi, na betri yake huisha kabla ya mahubiri.

Mwalimu wa fizikia alisimamia ya kwanza, nami nikamuunga mkono. Tabora ya kiangazi unaijua: jua linapiga kwenye kioo cha nyuma mpaka huoni kitu, na vumbi linaingia hata kwenye sukari. "Mpiga picha anachungulia," mwalimu akasema. "Bila tundu utakuwa unapiga kama kipofu."

Mtani hakubishana. Alimwomba mwalimu ampigie hesabu, kisha akachukua boksi la sabuni na wembe, akakata fremu tatu za kadibodi, kila moja na tundu la ukubwa wake. Kila fremu aliifunga uzi na kuuvaa shingoni, ili akiisogeza mbele mpaka uzi ukaze, tundu limwonyeshe kile ambacho lenzi hiyo ingekiona. Kamera zote tatu akawa nazo kwa bei ya boksi la sabuni.

Akaenda nazo kila mahali. Sokoni, stesheni, kanisani kwetu Moravian na ubatizo wa Wakatoliki, mpaka njia ya Kipalapala watu wakirudi shamba. Mama lishe mmoja alimwona akimpimia kwa kadibodi, akaweka mwiko chini na kumwuliza kama kibanda chake kitabomolewa. Mtani alimwambia kitabomolewa, isipokuwa kwa chai na maandazi. Yule mama, ambaye ni Msukuma na anayajua haya, alimpa chai na kumwambia aanze kubomoa kwao Manyoni. Nilikuwapo, nikamwona Mtani akicheka kwa mara ya kwanza tangu harusi ile, kiganja mdomoni.

Taratibu akaacha kuziinua fremu mpaka usoni. Alizishika kifuani, akakadiria, kisha akainua tu kuhakikisha kwamba amekadiria sawa. Mwanzoni alikosea, akakata watu miguu na vilemba. Baadaye akawa hakosei. Siku moja tukiwa mgahawani alitupanga kwa kidole bila kuinua kitu: nani yumo, nani nusu, kikombe gani kimebaki nje. Mwalimu akachukua kadibodi pana na kuchungulia. Ilikuwa vilevile.

"Nachukua ya ishirini na nane," Mtani akasema.

"Ile ya vumbi?" nikauliza. "Isiyo na tundu?"

"Sababu haina tundu." Akaweka kadibodi nyembamba mezani. "Hii ya arobaini inanifundisha kusimama mbali kidogo, na ubaya wa mbali kidogo nimeshauona. Hii ya kati ni nzuri, lakini nikichungulia napoteza jicho moja na nusu ya uso. Kwa hii pana, nikitaka uso wa mtu lazima nisogee mpaka aweze kunipiga kofi. Na mtani asiyefikika kwa kofi si mtani."

"Na jua?" akauliza mwalimu.

"Jua litapiga kioo. Mimi sitakuwa natazama kioo, nitakuwa namtazama mtu."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, tulikubali. Kamera ilikuja kwa basi kutoka Dar, nyeusi, nyepesi, haina cha kujivunia. Wa kwanza kuiona mtaani alimwuliza kama ni redio. Aliishonea mfuko wa kanga kwa ajili ya vumbi, na betri za akiba akaziweka mfuko wa shati penye kalamu zake. Ikibonyezwa haitoi sauti. Ukitaka kujua kama amepiga, umwulize.

Jaribio la kwanza kwa Mama lilikuwa aibu. Mama aliiona kabla haijatoka kwenye kanga, akajinyoosha. "Imezaa?" akauliza. "Ile kubwa iko wapi?" Mtani aliirudisha mfukoni, akala michembe, akaenda zake. Akaja Jumamosi iliyofuata, kamera imelala kifuani, hakuigusa. Akaja nyingine. Mama akaizoea kama alivyozizoea kalamu za mfukoni mwa Mtani, nami nikaanza kukata tamaa, kwa sababu niliona miezi inakwenda na Mama anazidi kushika kiuno akiinuka.

Kisha ikafika siku ya karanga. Mavuno yalikuwa yameanikwa uani, Mama amekaa kwenye kigoda anabangua, nami nipo barazani napanga magunia. Mtani akaja, mapema kuliko alivyosema, akavuta kigoda kingine mpaka magoti yao yakakaribia kugusana.

"Mpagazi, unabangua karanga au unazibembeleza?"

"Kaa ubangue, Mgogo. Kinywa hakibangui."

Akabangua. Wakabishana kuhusu mvua, kuhusu mchungaji mpya, kuhusu mlenda. Kisha Mtani akasema kwa sauti ya kawaida, "Jana nimemwota mumeo."

Mikono ya Mama ikasimama juu ya ungo. Yangu pia ikasimama. Hakuna aliyekuwa amemtaja Baba kwa Mama kwa wepesi namna ile tangu tulipomzika, na nilitamani ardhi immeze Mtani na kigoda chake.

"Anasemaje?" Mama akauliza polepole.

"Analalamika. Anasema huko alikokwenda kila anayekutana naye anamwuliza benki inafunguliwa saa ngapi."

Halafu Mama akaangusha kichwa nyuma, akacheka. Alicheka kile kicheko cha nyumba ya tatu, na ungo ukamponyoka, na karanga zikatawanyika uani, akajipiga paja, akamsukuma Mtani begani kwa kiganja kilichojaa maganda. Machozi yalimtoka. Mimi pia yalinitoka, nilicheka huku nimeshika gunia, na nikamkumbuka Baba akiwa ameshika ukuta.

Sikusikia kitu. Mtani hakuinua kamera wala hakuinama kutazama kioo. Alibaki anamtazama Mama usoni kwa uso wake wote, kisha akapiga magoti kumsaidia kuokota karanga. Nikajua hakupiga. Nilimkasirikia njia nzima nikimsindikiza, mpaka aliposimama kwenye kona na kuniwashia kioo.

Alikuwapo Mama mzima, kichwa nyuma, shingo laini, mkono umenyooka unakuja kumsukuma mpiga picha, maganda ya karanga yakiwa hewani. Nyuma yake ulionekana ua wetu wote, na mimi mdogo barazani nimekumbatia gunia. Nilimwuliza anaionaje.

"Si mbaya," akasema.

Mara ya mwisho kuwaona pamoja ni Jumapili ya karibuni, baada ya ibada. Mtani aliileta picha imetiwa fremu ya mninga, imefungwa gazeti. Mama aliifungua, akaitazama, akaisogeza mbali na macho, akaitazama tena.

"Huyu ni mimi?"

"Huyu ndiye wewe. Wale wa ukutani ni ndugu zake wa polisi."

Mama alipitisha kidole kwenye kioo cha fremu, juu ya shavu lake mwenyewe. Kisha akainua uso, na nikaona macho yake yamekuwa ya mtu aliyepata wazo. "Shika," akasema, akamrudishia fremu. Ni nzito ile, mninga si mchezo, na Mtani akaipokea kwa mikono miwili. Mama akanyoosha mkono akaivua kamera shingoni mwake. Mali ya mtani huchukuliwa, hakuna kesi.

"Mpagazi, hiyo si jembe."

"Nabonyeza wapi?"

"Juu hapo. Lakini sogea, haivuti."

Mama akasogea. Akasogea tena, kamera ameishika kifuani kama alivyomwona yeye akifanya, mpaka akawa umbali wa kofi. "Mgogo asiyekula mlenda," akamwambia usoni, "leo kiganja chako kiko wapi?"

Mtani akataka kuziba mdomo, lakini mikono yote miwili ilikuwa na fremu, na mkunjo wa kicheko ulikwisha kumfika. Alicheka mdomo wazi, pengo nje, jua limemwangukia, kifuani amemshika Mama anayecheka kwenye fremu. Mama akabonyeza. Picha imekwenda upande kidogo na sikio moja limekatwa, na mimi kwa miaka yangu yote ya kupiga picha sijapiga nzuri kama hiyo.

Nilimwonyesha Mama kwenye kioo. Akaitazama akiwa ameridhika kabisa, akamgeukia Mtani.

"Sasa unaweza kufa, Mgogo. Picha ya mlangoni ipo."

"Tangulia wewe," Mtani akasema, machozi yanamtiririka na fremu bado mikononi. "Yako ndiyo iliyotangulia."

Mama akasogea hatua nyingine, akabonyeza tena.